Kizito Chini, Chepesi Juu: Somo la Dunia Lianzie Pemba

Mwanafunzi wa sekondari akiulizwa dunia ina matabaka gani, aghalabu hujibu bila kusita: gamba, mantili na kiini. Akidadisiwa zaidi, ataongeza kwamba kiini kina sehemu mbili, ya nje ambayo ni giligili na ya ndani ambayo ni yabisi. Na akiwa hodari atataja hata kina cha kila tabaka kwa kilomita. Lakini mwulize swali moja zaidi: kwa nini matabaka hayo yamepangana hivyo, wala hayakupangana kinyume chake? Hapo ndipo ukimya huingia darasani. Kwa maoni yangu, ukimya huo ndio kipimo cha kweli cha namna tunavyoifundisha sayansi ya dunia katika shule zetu.

Makala haya yanashika msimamo mmoja. Mpangilio wa dunia ni tokeo la kanuni ambayo mwanafunzi wa Pemba anaishi ndani yake kila siku, ingawa hakuna aliyemwonyesha kwamba ni kanuni hiyohiyo. Kwa sababu hiyo somo hili lapasa lianzie jikoni, ufukweni na kisimani, ndipo literemke kilomita 6,371 hadi kwenye kitovu cha dunia. Nitajaribu pia kuonyesha kwamba jambo lenyewe linapita mtihani: linagusa maji tunayokunywa na maamuzi ambayo vijana wetu watalazimika kuyafanya watakapokuwa watu wazima.

Kwanza tukubaliane juu ya istilahi. Kwa densiti nakusudia kiasi cha mata kilichomo katika ujazo maalumu wa kitu. Wako wanaopendelea neno msongamano. Sina ugomvi nao, mradi maana ihifadhiwe. Maji matamu yana densiti ya gramu 1 kwa kila sentimita ya ujazo, na katika makala haya nitakapotaja tarakimu peke yake, kipimo ni hicho.

Mtu akisimama katika ufukwe wa Wete au wa Mkoani na kutazama mbele, tayari ana matabaka matatu ya dunia machoni mwake. Juu kuna hewa, ambayo mita moja ya ujazo ina kilo 1.2 hivi. Chini ya hewa kuna bahari, yenye kilo 1,025 kwa ujazo uleule. Chini ya bahari kuna miamba, ambayo kwa kawaida huzidi kilo 2,000. Hewa juu ya maji, maji juu ya miamba: kila tabaka limekaa juu ya lililo zito kuliko lenyewe. Lililofichika chini ya miguu yetu ni muendelezo wa mpangilio ambao macho yameshauona.

Mafuta mawili, kanuni moja

Mwanafunzi akiulizwa kama mafuta huelea au huzama majini, atasema huelea. Ameyaona mafuta ya nazi yakitanda juu ya maji, na ameona tui lililolazwa likijitenga, lile zito la mafuta likipanda juu na maji yakibaki chini. Jibu lake ni sahihi kwa mafuta ya nazi, ambayo densiti yake ni 0.92 hivi. Hatari ni kwamba ameshika habari ya kitu kimoja akadhani ameshika kanuni.

Pemba ina jawabu la pili. Katika kiwanda cha Wawi, karibu na Chake Chake, makonyo ya karafuu hukenekwa ili kutoa mafuta. Mvuke unapopozwa, hupatikana maji na mafuta pamoja. Na mafuta ya karafuu, tofauti na ya nazi, hutulia chini ya maji. Densiti yake ni zaidi kidogo ya 1.04, na kwa hiyo huzama hata katika maji ya bahari. Basi chukua chupa ya kioo, tia humo maji, mafuta ya nazi na matone machache ya mafuta ya karafuu, uitikise, uiache itulie. Yatajipanga matabaka matatu: nazi juu, maji katikati, karafuu chini. Itikise mara kumi, nayo yatarudi katika mpangilio uleule mara kumi. Mwanafunzi aliyeona jambo hili hatasema tena kwamba mafuta huelea. Atasema kwamba chenye densiti ndogo huelea juu ya chenye densiti kubwa. Hapo ametoka kwenye habari ameingia kwenye kanuni.

Yafaa wanafunzi wetu wajue pia kwamba upimaji huu haukuzaliwa Ulaya peke yake. Al-Biruni, aliyeishi kati ya mwaka 973 na 1048, alitengeneza chombo chenye mdomo maalumu ili apime maji yaliyofurika pale kito au kipande cha madini kilipotumbukizwa, na vipimo vyake vingi viko karibu sana na vya leo. Mwaka 1121 Al-Khazini alikamilisha kitabu kizima juu ya mizani na densiti za vitu. Elimu hii ni urithi wa watu wengi, na sisi wa pwani si wageni ndani yake.

Dunia yapimwa

Sasa tuteremke. Je, tunajuaje kwamba ndani ya dunia kuna kitu kizito, hali hakuna mtu aliyewahi kufika huko? Shimo refu kupita yote lililochimbwa kwa ajili ya utafiti huo, lile la Kola nchini Urusi, lilifikia mita 12,262 mwaka 1989. Hiyo haitimii hata sehemu moja kati ya mia tano ya safari ya kwenda kwenye kitovu. Lau dunia ingekuwa embe, sindano hiyo isingemaliza hata ganda.

Jibu ni kwamba dunia ilipimwa. Newton, katika kitabu chake cha mwaka 1687, alikisia kwa hoja tu kwamba densiti ya wastani ya dunia nzima ni kati ya mara tano na mara sita ya maji. Mwaka 1798 Cavendish, kwa kupima mvutano mdogo mno baina ya matufe ya risasi yaliyoning'inizwa ndani ya chumba, alipata takriban 5.5, na vipimo vya leo vinatoa 5.51. Mwanafunzi wa kidato cha juu anaweza kuifanya hesabu hiyo mwenyewe akijua nusukipenyo cha dunia, mchapuko wa mvutano wake na konstanti ya mvutano ya Newton.

Sasa linganisha tarakimu hiyo na mawe tuliyo nayo. Mawe ya chokaa na ya mchanga yaliyo Pemba hayazidi 2.7, na yale yenye vitundu huwa chini ya hapo. Matale ya bara ni 2.7 hivi. Mawe meusi ya volkeno hufikia 3 tu. Tunapokota kila mahali na hatuoni 5.5. Ikiwa wastani wa kikapu kizima ni 5.5, na yote tunayoyaona juu ni 3 au pungufu, basi chini ya kikapu lazima kuwe na vitu vyenye densiti kubwa sana. Hoja hii ni fupi, wala haihitaji chombo cha bei ghali, nami naiona kuwa miongoni mwa hoja nzuri kabisa katika sayansi yote.

Mtu mwenye akili atauliza: je, haiwezekani kwamba ni miamba ileile, ila imegandamizwa na uzito wa ile iliyo juu yake? Swali ni zuri, na jibu ni kwamba mgandamizo unachangia lakini hautoshi. Hata tukiiondoa athari yake katika hesabu, wastani wa dunia unabaki karibu 4, ambao bado unaipita miamba ya kawaida. Lazima kuwe na kitu cha namna nyingine. Mwaka 1897 Emil Wiechert alipendekeza kwamba ni kiini cha chuma. Mwaka 1906 Oldham aliona dalili za kiini hicho katika mawimbi ya matetemeko ya ardhi, na mwaka 1936 mwanamke wa Denmark, Inge Lehmann, aligundua kwamba ndani ya kiini cha giligili mna kingine kilicho yabisi. Leo tunajua kwamba mantili huanza na densiti ya 3.3 na kuishia na 5.6 hivi kwenye kina cha kilomita 2,890. Hapo inaruka ghafla hadi karibu 10, na katikati kabisa inafikia 13.

Watanzania tuna bahati ya pekee katika somo hili. Kimondo cha Mbozi, mkoani Songwe, ni bonge la chuma lenye nikeli karibu asilimia 9. Vimondo vya chuma kwa wingi wao huaminiwa kuwa vipande vya viini vya sayari ndogo zilizovunjika zamani. Mwanafunzi anayekigusa kimondo hicho anagusa kitu kinachofanana na kilicho chini ya miguu yake kwa kina cha kilomita 2,890.

Masharti matatu

Hapa wengi wetu huteleza, kwa sababu tunasema "kizito huzama" kana kwamba hilo latosha. Kujipanga kwa matabaka kunahitaji mambo matatu. La kwanza, vitu viwe na densiti tofauti. La pili, kuwe na mvutano. Ndani ya chombo cha angani kinachoizunguka dunia, mafuta na maji havijipangi, kwani hakuna chini wala juu. La tatu, vitu viwe na uhuru wa kupitana. Vipande vya chuma vilivyochanganywa katika zege vikakauka nalo havitazama kamwe, hata densiti zao zikitofautiana vipi.

Sharti la tatu ndilo linalotueleza historia. Dunia ina umri wa miaka bilioni 4.5 na zaidi kidogo. Mwanzoni ilijengwa kwa migongano ya miamba ya angani, na migongano hiyo, pamoja na joto la elementi zenye mnururisho, iliyeyusha sehemu kubwa yake. Ndipo chuma kilichoyeyuka kikapata uhuru wa kuteremka, na miamba iliyo myepesi ikabaki juu. Kuteremka kwenyewe kukatoa joto zaidi, na joto hilo likarahisisha kuteremka kwingine. Kwa hiyo matabaka ya leo ni kumbukumbu ya wakati dunia ilipokuwa moto kiasi cha kujipanga.

Mwalimu mwangalifu atapinga kwamba mantili ya leo ni yabisi, hivyo mfano wa chupa unapotosha. Ana haki, na ndiyo maana mpaka wa mfano lazima utajwe mbele ya darasa. Hata hivyo, yabisi haina maana ya kutotembea. Katika Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, kuna jaribio lililoanzishwa mwaka 1927 la lami ngumu, ambayo ukiigonga kwa nyundo huvunjika kama kioo. Iliwekwa ndani ya mrija, na hadi mwaka 2014 ilikuwa imedondosha matone tisa. Miamba ya mantili yenye joto kali hutambaa vivyo hivyo, polepole zaidi ya lami hiyo, katika mamilioni ya miaka.

Kwa nini Pemba haikuzama

Mwanafunzi akishaelewa hayo, atauliza swali ambalo vitabu vingi havilijibu: ikiwa mwamba ni mzito kuliko maji, kwa nini kisiwa kiko juu ya bahari? Mwalimu asiyakwepe maswali ya namna hii, kwani yanayatoa mafunzo yote kwa pamoja.

Kisiwa hakielei juu ya bahari. Maji yamejaa katika mabonde, na kisiwa ni kilele cha mwamba unaoendelea hadi chini ya mabonde hayo. Kinachoelea ni gamba lenyewe juu ya mantili. Gamba la mabara lina densiti ya 2.7 hadi 2.8 na unene wa kilomita 35 hadi 40 hivi. Gamba la chini ya bahari kuu ni zito zaidi, karibu 2.9 hadi 3, na ni jembamba, kilomita 7 hivi. Yote mawili ni mepesi kuliko mantili yenye 3.3, lakini bara ni kama jahazi kubwa la mbao nyepesi: sehemu kubwa imezama, na sehemu iliyo juu inapanda zaidi. Gamba la bahari ni kama ubao mwembamba wa mti mzito, unaoelea huku ukikaribia kulowa wote. Mabonde waliyopewa maji ni pale gamba lilipokaa chini.

Pemba iko kwenye ukingo ambapo mambo haya mawili yanakaribiana. Mashariki yake kuna bahari kuu, ambayo sakafu yake ilianza kuzaliwa Madagascar ilipokuwa ikiachana na Afrika zaidi ya miaka milioni 120 iliyopita. Magharibi kuna Mkondo wa Pemba, ambao kina chake ni mita 800 hivi, kwa sababu ardhi ilikatika kwa mipasuko na kudidimia baina ya kisiwa na bara. Unguja ni tofauti: bahari iliyo kati yake na bara haina kina kirefu, na wakati wa enzi ya barafu, maji ya bahari yaliposhuka kwa mita mia moja na zaidi, Unguja iliungana na bara ilhali Pemba ilibaki kisiwa. Popo mkubwa wa Pemba, asiyepatikana penginepo duniani, ni shahidi wa upweke huo wa muda mrefu.

Onyo la urani na dhahabu

Sasa inanibidi niseme jambo ambalo litaonekana kuipinga kanuni niliyoitetea. Urani ni elementi nzito mno. Katika hali yake safi densiti yake ni 19, zaidi ya mara mbili ya chuma. Kwa kanuni ya chupa, urani yote ingekuwa katikati ya dunia. Kumbe imejikusanya katika gamba, na hapa Tanzania inapatikana Mkuju, wilayani Namtumbo. Imekuwaje?

Sababu ni kwamba urani haikuteremka ikiwa chuma safi. Inapenda kuungana na oksijeni, na kwa umbo la atomi zake haikai vizuri katika madini ya mantili; kila mwamba unapoyeyuka, urani hukimbilia kwenye ule ujiuji mwepesi unaopanda. Dhahabu ni kinyume chake. Hupendana na chuma, na chuma kilipoteremka kiliichukua sehemu kubwa kabisa ya dhahabu ya dunia hadi kwenye kiini. Dhahabu ya Geita ni sehemu ya masalio machache.

Kwa hiyo densiti inayoamua ni ya kile kinachotembea, yaani ya mchanganyiko ambamo elementi imo, na kemia ndiyo inayoamua nani apande chombo gani. Abiria mnene aliyepanda ngalawa haendi chini ya bahari kwa sababu ya unene wake. Mwanafunzi anayekariri "vizito vyote viko katikati" ataanguka mbele ya swali hili, anayeelewa atalifurahia.

Maji matamu juu ya maji ya chumvi

Narudi sasa juu ya ardhi, mahali ambapo kanuni hii inagusa uhai wa watu. Katika visiwa vidogo vya matumbawe na katika pwani zenye miamba inayopitisha maji, mvua iliyonywea ardhini haikai katika birika lenye sakafu. Inaelea juu ya maji ya bahari yaliyopenya chini ya kisiwa, kwa sababu densiti yake ni 1.000 ilhali ya bahari ni 1.025. Tofauti ni ndogo kuliko ile ya mafuta ya nazi na maji, lakini ndiyo inayotupa maji ya kunywa.

Badon Ghyben wa Uholanzi na Herzberg wa Ujerumani, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, kila mmoja kwa njia yake, waliikokotoa hesabu yake, nayo ni nyepesi. Safu ya mita 41 ya maji matamu ina uzito sawa na safu ya mita 40 ya maji ya bahari. Hivyo basi, mahali ambapo maji ya kisima yako mita moja juu ya usawa wa bahari, maji matamu hushuka kwa mita 40 hivi chini ya usawa huo kabla ya kukutana na chumvi. Hiyo ni habari njema. Habari mbaya ni hesabu hiyohiyo ikisomwa kwa nyuma: tukivuta maji kwa pampu hadi usawa wa kisima ushuke kwa nusu mita na ubaki hapo, mpaka wa chumvi utapanda kwa mita 20 kutoka chini. Kinachoonekana juu ni kidogo. Kinachotokea chini ni mara 40 yake.

Hesabu hii haitumiki sawasawa kila mahali. Katikati ya Pemba kuna vilima na tabaka za udongo wa mfinyanzi ambazo hubadili mwendo wa maji, na mpaka wenyewe huwa ni ukanda wa mchanganyiko. Lakini kwa visima vilivyo karibu na bahari na kwa visiwa vidogo vinavyoizunguka Pemba, ndiyo sheria ya kwanza ya kukumbuka. Watu wakiongezeka, pampu zikiongezeka na bahari ikizidi kupanda, uamuzi wa kisima kichimbwe wapi na kivutwe kiasi gani utakuwa uamuzi wa densiti. Nani ataufanya? Atakuwa yule aliyekaa katika madawati yetu leo.

Mafuta ya Tundaua

Mfano wa pili ni Tundaua, upande wa magharibi wa Pemba, ambako mafuta ghafi hujitokeza yenyewe juu ya ardhi. Vitundu vya miamba iliyo chini kabisa vimejaa maji. Mafuta, kwa kuwa ni mepesi kuliko maji, hupanda kidogo kidogo hadi yakutane na tabaka lisilopitisha kitu. Yakizuiwa, hujikusanya, gesi ikiwa juu, mafuta katikati na maji chini. Yasipozuiwa, huvuja. Kwa hiyo mvujo ni habari mbili kwa pamoja: unatuambia kwamba chini kuna mafuta yaliyozaliwa, na pia kwamba sehemu yake inapotea kwa kukosa mfuniko. Anayeuona mvujo akatangaza utajiri, na anayeuona akasema hakuna kitu, wote wawili wamevuka mpaka wa ushahidi.

Kati ya mwaka 1952 na 1964 kampuni za BP na Shell zilitafuta mafuta katika pwani yetu na kuchimba kisima kirefu kimoja kimoja Mafia, Unguja na Pemba. Kile cha Pemba kilipita kilomita tatu na nusu. Mwaka 2016 Zanzibar ilitunga sheria yake ya mafuta na gesi, na mwaka 2018 Serikali ya Mapinduzi ilitia saini mkataba wa kitalu cha Pemba na Zanzibar na kampuni ya RAK Gas. Mjadala wa mafuta, basi, ni wa wananchi. Wananchi wanaoelewa kwa nini mafuta hupanda na nini huyazuia watauliza maswali bora kuliko wanaongoja kuambiwa.

Wajibu wa shule

Densiti hufundishwa katika somo la fizikia. Matabaka ya dunia hufundishwa katika jiografia. Kupendana kwa elementi ni kemia. Walimu wa masomo hayo matatu huenda wakafanya kazi miaka kumi katika shule moja bila kukaa meza moja kulizungumza jambo hili, na mwanafunzi hubaki na vipande vitatu ambavyo hakuna aliyemwonyesha kwamba ni chungu kimoja. Pendekezo langu la kwanza ni kwamba wakae. Wiki moja kwa mwaka yatosha.

Pendekezo la pili ni jaribio. Kila mwanafunzi alete jiwe kutoka kwao. Lipimwe kwa mizani ya springi likiwa hewani, kisha likiwa limening'inizwa ndani ya maji. Jiwe la gramu 520 hewani likisoma gramu 320 majini, limepungukiwa na 200, na kwa hiyo ujazo wake ni sentimita 200 za ujazo na densiti yake ni 2.6. Jedwali la darasa zima liandikwe ubaoni. Kisha mwalimu aandike pembeni 5.5, aseme kwamba hiyo ndiyo densiti ya dunia nzima, na anyamaze. Sijui njia bora kuliko hiyo ya kumfanya kijana agundue mwenyewe kwamba dunia ina kitu ambacho hajapata kukiona.

Pendekezo la tatu ni daftari la kisima. Shule zilizo karibu na pwani zichague kisima kimoja, na kila mwezi wanafunzi wapime kina cha maji na kiasi cha chumvi. Baada ya miaka mitano daftari hilo litakuwa na thamani kwa watafiti na kwa wenyeji wenyewe.

Nayajua mapingamizi. Yatasemwa kwamba mtihani wa taifa unataka orodha, na kwamba maabara hazina vifaa. La kwanza nalijibu kwamba aliyeelewa sababu hasahau orodha, ilhali aliyekariri orodha huisahau siku ya pili baada ya mtihani. La pili nalijibu kwamba chupa, nazi, karafuu, jiwe na mizani ya sokoni vyote viko Pemba. Pingamizi la tatu ni zito zaidi: kwamba wanafunzi husoma sayansi kwa Kiingereza, na mazungumzo ya aina hii hufanyika kwa Kiswahili. Nasema wafanye hivyo bila aibu. Mwanafunzi aliyefikiri kwa Kiswahili hadi akaelewa, atapata maneno ya Kiingereza ya kujibia mtihani. Aliyekariri Kiingereza bila kufikiri hana cha kutafsiri.

Ndugu walimu, nchi inayotafuta mafuta, yenye urani, inayochimba dhahabu na inayokunywa maji yanayoelea juu ya bahari haina anasa ya kuifanya sayansi ya dunia kuwa somo la kukariri. Ndugu wanafunzi, msiridhike na majina ya matabaka. Mkiambiwa kwamba kiini ni chuma, ulizeni mjuaji amejuaje. Mkiambiwa kisima hiki kichimbwe zaidi, ulizeni chumvi iko mita ngapi chini yake.